Waliorudi Newala nao wahesabiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Gazeti lako nalisoma miaka mingi, mara nyingine likinifikia huku Newala likiwa la juzi, na sijawahi kuandika. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Kuna msomaji mwenzangu aliyewasifu madaktari wa zamani waliokuwa wakiujua ugonjwa mgonjwa akiwa bado mlangoni, akawasema vijana wa siku hizi kwamba wanatazama kioo cha kompyuta badala ya kumtazama mtu. Mwisho akasema upasuaji, na zaidi ule wa ubongo, ni kipaji cha mkono, na kipaji hakina kipimo.

Nusu ya maneno yake nayakubali. Nusu nyingine imenikosesha usingizi, maana riziki yangu yote niliipata kwenye kupima.

Nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha korosho kwa miaka 31. Watu hudhani kazi ile ni kusoma namba na kuandika kwenye daftari. Waje msimu ukiwa umechanganya, ghala limejaa, wakulima wamepanga foleni tangu alfajiri, vumbi la magunia limekaa kooni. Unafika mahali gunia likitua tu begani kwa kijana, wewe umeshajua: hilo 78. Linapanda kwenye mizani, 78 na nusu. Vijana wa kubeba walikuwa wakishindana nami soda kwa soda. Nimekunywa soda nyingi, na sukari ninayoumwa leo sijui nimlaumu nani.

Msomaji yule angesema, umeona, hicho ndicho kipaji. Ngoja kwanza. Kulikuwa na mnunuzi mmoja wa kangomba kijijini kwetu. Kwa wasomaji wa mikoa mingine, kangomba ni ule ununuzi wa kichochoroni: korosho zinapimwa kwa bakuli, bakuli linaitwa kilo huku limebeba zaidi ya kilo, na mkulima mwenye ada ya mtoto au msiba mlangoni anafumba macho. Bwana yule alishika korosho tangu kabla mimi sijaajiriwa. Siku moja alikuja ghalani akasikia habari za soda zangu, akasema hata yeye anaweza. Tukampa magunia matatu. La kwanza alikosea kilo 9, la pili kilo 6, la tatu akakataa kulikadiria. Hakuwa mjinga. Mkono wangu ulikuwa ukiuliza swali na kujibiwa mara 300 kwa siku, wa kwake miaka yote ile haukujibiwa hata mara moja. Bakuli halijibu, linakubali tu.

Sasa nije kwenye kichwa cha kaka yangu.

Kaka ana miaka 74. Msimu uliopita, mwezi wa kumi, alikuwa anaingia kwenye stoo yake ya korosho nyuma ya nyumba, akajigonga kwenye boriti ya mlango. Akasema "aah", akajisugua, akaendelea kutoa magunia yake. Hakuvimba, hakutapika, wala hakumwambia mtu. Wiki ya tano au ya sita tukiwa barazani, akacheza bao vibaya.

Inabidi nieleze hapo, maana kaka hachezi bao la kupoteza muda. Ni wale wanaotupia jicho nyumba ya mwenzao mara moja na kujua kete ngapi zimelala humo bila kugusa. Siku ile alichota kete zake, akatembeza, akaishia shimo moja kabla ya pale alipokusudia. Mzee mwenzake akamwambia, "Mwalimu, umeruka." Akacheka, akairudisha. Kete ya tatu akaruka tena. Sisi tukasema uzee, tukahama tukazungumza bei za mnada.

Aliyegundua ni shemeji yangu, na aligundua kwa masikio. Alfajiri kaka akienda msalani kandambili zake zilikuwa zikisema pa, pa, pa. Shemeji akasema sasa zinasema pa, kwaru, pa, kwaru. Akaziokota akatuletea barazani. Ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto, pale mbele kwenye kidole gumba, imelika mpaka unaona mwanga.

Tukampeleka mahali pa kutibiwa, sitapataja. Tulimkuta daktari kijana, mpole, mwenye adabu. Alimuuliza kaka jina lake, siku, mwezi, Rais ni nani. Kaka akajibu yote, na la Rais akaongeza na maoni yake. Akaambiwa ainue mkono, akainua. Daktari akaandika fahamu kamili, GCS 15/15, presha imepanda kidogo, dawa za presha na panado, arudi baada ya wiki mbili.

Shemeji hakuinuka kwenye kiti. Akasema, "Mwanangu, namba yako mimi siijui. Lakini nimeishi na huyu mume miaka 46, mguu huu si wake."

Daktari akatabasamu kama wanavyotabasamu. Tukarudi nyumbani.

Hapa msomaji yule apige makofi, na mimi nitapiga naye. Jicho la mtu, tuseme sikio la mtu, liliishinda namba. Ila namba ile nayo nilitaka kujua ilishindwa kwa nini, maana mizani ikikosea karani haitupi, anaigeuza aone chini yake pana nini. Binti yangu ni muuguzi, yeye ndiye aliyenifungulia. GCS ni kipimo cha fahamu kilichotolewa mwaka 1974 na madaktari wawili wa Glasgow huko Scotland, Graham Teasdale na Bryan Jennett. Macho yana alama mpaka 4, maneno mpaka 5, mikono na miguu mpaka 6. Juu kabisa 15, chini kabisa 3, yaani hata maiti anapata 3. Kuanzia 8 kushuka ni mtu aliyepoteza fahamu kabisa. Na kwenye viungo kinachoandikwa ni kile kilichofanya vizuri zaidi. Kaka aliinua mkono wa kulia vizuri, akapewa 6 zake kamili, na mguu wa kushoto uliokuwa ukiburuta kandambili haukuwa na pa kuandikwa.

Kwa hiyo kipimo hakikudanganya. Kilitumiwa kwenye shughuli isiyo yake. Mizani ya gunia huwezi kupimia bizari, ukipima utaona sifuri na utasema hakuna bizari.

Siku nne baadaye kaka alianza kulalamika kichwa, na jioni yake akawa analala katikati ya maneno. Tukampeleka hospitali nyingine, na pale zamu ilikuwa ya muuguzi mmoja msichana, mdogo kuliko binti yangu. Hakutuambia lolote kubwa. Alivuta kiti, akaanza kuandika. Saa mbili usiku, 14. Saa tatu, 14. Saa nne, 14, na pembeni: "mkono wa kushoto dhaifu, mke anasema mguu umebadilika wiki mbili." Saa tano, 13. Hapo akainuka akapiga simu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni nikimsikiliza. Hakusema "mgonjwa hali yake si nzuri", hakusema "fahamu zinapandashuka". Alisema 14 kwa saa tatu, sasa 13, kushoto dhaifu, alijigonga wiki ya sita hii. Upande wa pili wa simu mtu ambaye hajawahi kumwona kaka yangu akasema mleteni Mtwara sasa hivi apigwe CT scan, msisubiri asubuhi. Binti yangu anasema hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya wale wa Glasgow: kabla yao daktari mmoja aliandika "amesinzia", mwingine "nusu fahamu", mwingine neno lake, na mgonjwa akihamishwa hospitali haijulikani amepanda au ameshuka. Hisia ya muuguzi yule huenda ilikuwa kali kuliko namba zake. Lakini hisia haisafiri kwa simu. Namba zilitutangulia Mtwara zaidi ya kilomita 100, na tulipofika mlango ulikuwa wazi.

Ile mashine ya CT scan, Mhariri, niliipenda kuliko nilivyotegemea. Nilidhani inapiga picha. Kijana wa pale akaniambia kila nukta ya picha ile ni namba: maji yamewekewa 0, hewa imewekewa 1,000 chini ya sifuri, mfupa uko juu huko. Yaani mizani iliyosawazishwa kwa maji! Aliyeitengeneza ni Mwingereza, Godfrey Hounsfield, na mgonjwa wa kwanza alipimwa kichwa London mwaka 1971. Kwenye kichwa cha kaka, upande wa kulia, kulikuwa na kitu kama mwezi mwandamo, kimefifia. Damu mbichi huonekana nyeupe, hii ilikuwa kuukuu, imevuja polepole tangu ile boriti. Wakavuta mstari: unene milimita 22, na ubongo umesukumwa kutoka katikati milimita 9. Nikamwangalia shemeji. Hakuuliza milimita ni nini. Akasema, "Ndiyo kandambili."

Alfajiri tukaingia barabara ya Dar es Salaam. Lindi, Nangurukuru, Daraja la Mkapa, Kibiti, zaidi ya kilomita 500 na kaka amelala kama mtoto. Sitayaeleza ya njiani.

Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi kuliko foleni ya mnada. Matundu mawili kwenye fuvu, kila moja kama sarafu. Bingwa aliyemfanyia alikuja kutuona jioni, mtu wa makamo, mikono mikubwa kama ya fundi seremala. Akasema damu ilitoka kama oili chafu ya lori. Nikamuuliza kama alijua itakuwa hivyo kabla ya kuona. Akasema, "Mzee, nikishatoboa mfupa naweka kidole kwenye utando wa ubongo. Ukiwa umekaza kama ngoma, kidole kinaniambia kabla sijakata."

Nikafurahi, maana hayo ni maneno ya mtu wa ghalani. Nikamuuliza anajuaje kama kidole kinasema kweli. Akacheka: "Si nakata naona?" Basi. Kidole chake huuliza, na dakika moja baadaye hujibiwa. Miaka 20 ya kujibiwa. Kidole hicho mimi nakiamini, na msomaji yule akiniambia hiki ndicho kipaji alichokuwa anakisema, sitabishana naye.

Ila kaka alikuwa na mpira mwembamba umetoka kichwani kwenda kwenye mfuko, damu ya maji maji inachuruzika. Nikauliza wa nini. Hapo bingwa akavuta kiti. Akasema zamani hakuwa akiuacha. Akishasafisha, alitazama ubongo unavyoinuka kuziba nafasi, akajua kabisa huyu damu haitarudi, akafunga. "Nilikuwa na uhakika," akasema.

"Zikarudi?"

"Chache nilizoziona. Nyingine zilirudi zamu ya mwenzangu. Nyingine ni watu wa mbali." Akanitazama. "Kama ninyi."

Sikumwelewa mara moja. Nilimwelewa usiku, nimelala kwenye benchi la korido. Mtu wa Newala akipasuliwa Dar es Salaam, akarudi nyumbani, na baada ya mwezi damu ikajikusanya tena, unafikiri atarudi? Nauli ya kwanza iliuza mikorosho. Atalala, atasinzia, watasema uzee, atazikwa. Na kule Dar es Salaam mkono uliomfunga utaendelea kuamini kwamba ulifunga vizuri, kwa sababu ukimya wetu huku unasomeka kama uzima. Sisi watu wa mbali ndio bakuli la kangomba. Hatujibu.

Bingwa aliniambia ni kipi kilichombadilisha. Huko Cambridge, Uingereza, waliwachukua wagonjwa 215 wa damu kuukuu ya namna hii, wakawagawa kwa kura: hawa waachiwe mpira, hawa wasiachiwe. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Kati ya 108 walioachiwa mpira, damu iliwarudia 10. Kati ya 107 wasioachiwa, 26. Na baada ya miezi sita, waliokufa kwenye kundi la mpira walikuwa asilimia 8.6, kundi la pili 18.1. Walikatisha utafiti kabla ya muda kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine mpira. Mabingwa walikuwa wamebishana juu ya mpira ule miaka, kila mmoja na jicho lake, kila mmoja na uhakika wake. Kilichowanyamazisha ni watu walioketi na kuhesabu waliorudi na waliokufa.

Nina ushahidi mwingine, huu unanihusu na unaniuma. Msimu mmoja mizani yetu ilianza kula kilo 3 katika kila 100. Hakuna aliyehisi. Wakulima hawakuhisi, na ni jasho lao. Vijana wenye mabega yaliyobeba maelfu ya magunia hawakuhisi. Mimi mwenye soda zangu sikuhisi, na zaidi ya hapo niliendelea kushinda soda, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshajifunza kwa mizani mbovu! Tulijua watu wa vipimo walipokuja na mawe yao ya chuma. Kilo 3 begani si kitu. Kwa msimu mzima ni lori.

Binti yangu aliposikia hayo akaniambia habari ya dawa za jamii ya steroidi. Madaktari dunia nzima, kwa miaka mingi, waliwapa watu walioumia kichwa dawa hizo kwa sababu ilionekana wazi zitapunguza uvimbe wa ubongo, na kila daktari alikuwa na mgonjwa wake anayemkumbuka aliyepona. Wakaja watu wakafanya utafiti mkubwa unaoitwa CRASH, wagonjwa 10,008, majibu ya kwanza yakatolewa mwaka 2004. Ndani ya wiki mbili waliopewa dawa walikufa asilimia 21.1. Ambao hawakupewa, 17.9. Tofauti yake ni watatu na kidogo katika kila 100, kilo zangu zilezile. Hakuna jicho la daktari, hata akae wodini mpaka mvi, litakaloona watatu katika mia. Na dawa ilikuwa ikitolewa kwa nia njema kabisa.

Ubishi huu wa kidole na mashine una umri mkubwa kuliko sisi sote. Mwaka 1901 Harvey Cushing, Mmarekani ambaye wapasuaji wa ubongo wanamhesabu baba yao, alirudi kutoka Italia na kifaa cha kufunga mkononi cha kupimia presha, akataka kitumike kwenye upasuaji. Wakubwa wa upasuaji wa Harvard walikijadili miaka michache baadaye wakaona kidole chenye ujuzi kwenye mshipa kinafaa zaidi. Leo nenda zahanati yoyote ya tarafa, utafungwa kile kifaa kabla hujasema unaumwa nini.

Lakini nisije nikaonekana naabudu namba. Upo utafiti mwingine, wa Bolivia na Ecuador, wa mwaka 2012, ambao binti yangu aliniletea akidhani utanikera. Wagonjwa 324 walioumia vibaya kichwa. Kundi moja waliwekewa kifaa ndani ya fuvu kinachosoma mgandamizo wa ubongo, wakatibiwa mgandamizo usizidi milimita 20 za zebaki. Kundi la pili hawakuwekewa kifaa, walitibiwa kwa kuchunguzwa na kwa picha. Mwisho wa yote, makundi yalilingana. Kifaa cha bei kubwa hakikulishinda jicho.

Hakunikera. Nilimuuliza swali moja: hao wa jicho, walikuwa wakifanya kila mmoja anavyojisikia? Akasoma tena. Hapana, nao walikuwa na mwongozo ulioandikwa: mgonjwa achunguzwe lini, apigwe picha lini, kikionekana hiki apewe kile. Jicho lile lilikuwa na ratiba na daftari. Ukiniletea jicho la namna hiyo Newala kesho, kifaa cha mgandamizo waweke wanakotaka.

Kwa hiyo ninachoomba, Mhariri, kwa wahusika wa afya wa mikoa yetu ya kusini na wa hospitali kubwa tunakopelekwa, ni vitu vidogo kuliko mashine. Barua ya rufaa ya mtu aliyeumia kichwa isiandikwe "hali ya wastani". Wastani wa nini? Iandikwe namba na saa, namba na saa, kama alivyofanya yule msichana, ili anayempokea ajue anashuka au anapanda. Karatasi na kalamu vipo hata kwenye zahanati isiyo na umeme.

Na kwenye fomu hiyohiyo paachwe mistari miwili ya maneno ya aliyemleta mgonjwa, kama alivyoyasema. "Mguu huu si wake." Yule daktari kijana angelazimika kuyaandika maneno yale kwa mkono wake mwenyewe, sidhani kama angeandika panado chini yake. Shemeji hana cheti, lakini amekuwa akimpima mtu mmoja kila alfajiri kwa miaka 46 na kila siku anajibiwa. Hakuna bingwa mwenye rekodi hiyo kwa kaka yangu.

La mwisho ni la pesa, ila si nyingi. Kila aliyepasuliwa kichwa apigiwe simu baada ya miezi sita. Anaishi? Anatembea? Anahesabu hela yake mwenyewe sokoni? Majibu yaandikwe kwenye daftari lenye jina la aliyefanya upasuaji, na daftari lisomwe mbele ya wenzake mara moja kwa mwaka. Najua watasema hakuna mtumishi wa kazi hiyo. Nipeni mimi. Nina miaka 68, macho bado yanasoma, mwandiko wangu wakaguzi walikuwa wakiusifu, na vocha ya mwezi nadhani chama cha msingi hakitashindwa. Natania kidogo, lakini kidogo tu. Kwenye ghala, gunia lililotoka bila kuandikwa lilikuwa linamfukuzisha mtu kazi.

Kaka hajambo. Mpira ulitolewa siku ya pili, nyuzi siku ya kumi, kandambili ni mpya na zinasema pa, pa. Juzi alinifunga bao mara mbili mbele ya watu na akaniambia mimi ndiye nipelekwe Dar es Salaam. Miezi saba sasa tangu turudi, na hakuna aliyempigia simu. Bingwa yule akisoma barua hii, namba ya kaka ipo kwenye faili, ni ileile. Apige baada ya alasiri, mchana yuko shambani na mtandao huko haushiki. Asipopokea, aniulizie kwa binti yangu, nami nitamwita kaka barazani.

Karani mstaafu wa mizani,
Newala, Mtwara